Maelezo kwa Zamu ya Usiku, Chumba cha Kumi na Nne

Henrike, kabla hujavaa glavu, soma.
Fomu inasema: mkaidi, hupiga, hukataa kuoga.
Mwandiko ni wangu. Usiuamini.

Jina lake Durmuş, yaani Aliyebaki.
Mamake alizika watatu kabla yake,
akampa jina la kukikatia kifo njia.
Sisi tulimwita Kumi na Nne,
kana kwamba alizaliwa na namba ya mlango.

Kijerumani chake kimekwenda.
Miaka thelathini alikisema chini ya ardhi, hapa hapa Gelsenkirchen,
akakitolea jasho, akakitolea na mapafu;
sasa ugonjwa, kama mwenye nyumba anayedai kodi,
unatupa nje kwanza vile vilivyoingia mwisho.
Kimebaki Kituruki cha vilima vya Zonguldak
na salamu moja ya wachimbaji, Glück auf,
ambayo huitamka kila lifti ikifunguka.

Hili lisome mara mbili, mimi lilinila miezi mitano:
akiinua kidevu na nyusi,
akagonga ulimi kwenye kaakaa,
hajasema ndiyo. Amesema hapana.
Miezi mitano, Henrike!
Supu hii, Mzee? Kidevu juu. Tukamlisha.
Tukuingize kwenye beseni? Kidevu juu. Tukamvua nguo.
Mtu kakataa asubuhi, kakataa mchana, kakataa jioni,
nasi tunaandika: hukubali, kisha hubadilika ghafla.

Mkate ulio juu ya kabati si uchafu.
Niliutupa sijui mara ngapi,
naye akilia kilio cha mtoto aliyenyang'anywa.
Jumapili akaja Nurgül, bintiye,
akaokota kipande sakafuni, akakibusu,
akakigusisha paji la uso, akakipandisha juu.
"Mkate haukanyagwi," akasema. Basi.
Nyanya yako, aliyekula maganda ya viazi baada ya vita,
angemwelewa siku ya kwanza.

Maji yaliyotuama, kwake, ni maji ya taka.
Anataka ya kumiminwa, yanayokwenda zake,
na mwanamume wa kuyamimina.
Goran yupo hadi saa nne. Muwahi.
Na taulo kiunoni, hata wakiwa wawili tu.

Ila usijifanye mjuzi. Mimi nilijifanya.
Nilisoma kijitabu cha ofisini, kurasa nane,
"Mgonjwa Mwislamu",
nikamnunulia mkeka wa kuswalia, mpya, wenye matamvua.
Nurgül alicheka hadi akajishika ubavu:
"Baba? Ijumaa yake ilikuwa bia
na njiwa wake wa mashindano."
Kijitabu kinawajua Waislamu.
Durmuş hakimjui.

Na bado mkeka hakuukataa.
Aliukunja mara nne, akauweka chini ya magoti,
akapiga magoti mbele ya ukuta, pale penye kipasha joto,
akaugonga kwa kifundo cha kidole,
akatega sikio.
Akasogea shubiri moja. Akagonga. Akatega.
Nilishika kalamu niandike: amechanganyikiwa.
Goran, ambaye babake naye alishuka shimoni,
akanishika mkono.
"Anapima mwamba," akaninong'oneza.
"Ukilia kama kengele, fanya kazi.
Ukilia kama ngoma, kimbia."

Ataamka saa kumi alfajiri, zamu ya kwanza,
atatafuta taa yake.
Usimwambie mgodi ulifungwa.
Usimwambie Emine alikufa;
habari hiyo humfikia mpya kila mara,
na kila mara huwa mjane upya.
Vuta kiti. Gonga ukuta upande wako.
Atakutazama, atasikiliza,
na yeye ndiye atakayekuambia kama panapitika.

Birika liko nyuma ya mlango.
La bati. Lile la plastiki alilirusha,
na safari hii nilimwelewa.